Maji Moto ya Jumamosi

Mama Kiwiko aliweka mkono chini ya bomba la maji moto, akangoja. Akangoja tena. Maji yalimwagika vidoleni kwa wingi, na joto lake lilikuwa la chai iliyosahauliwa mezani.

"Haya ndiyo maji moto?" aliuliza, ingawa bafuni alikuwa peke yake. "Basi na mimi ni bibi harusi."

Tuelewane mapema. Mama huyu hakuwa wa kudanganywa kuhusu maji. Tangu usichana wake mpaka alipostaafu alikuwa mhudumu katika wodi ya wazazi, na kazi yake hasa ilikuwa kuogesha vichanga. Kipimajoto hakukitaka. Alipandisha mkono wa gauni, akachovya kiwiko ndani ya beseni, akasema "bado" au akasema "tayari," na habari ikaishia hapo. Jina la Mama Kiwiko alilipata huko wodini, likamfuata nyumbani, na hata ndugu zake walishasahau kwamba aliwahi kuwa na jingine. Mwanamke yeyote wa ukoo wao akijifungua, yeye hufunga mkoba na kwenda kumwogesha mtoto. Hangoji kualikwa.

Sasa zamu ilikuwa ya binti yake mwenyewe, wa pekee, aliyengoja mtoto mpaka watu wakachoka kumsema. Mama Kiwiko alifika na mkoba wake, taulo mpya na sabuni isiyo na manukato. Alikuja kumwogesha mjukuu, basi. Hakuja kupika, wala kukaa sebuleni kutazama televisheni. Na sasa alikuwa sebuleni anatazama televisheni, kwa sababu mtoto aliogeshwa na mkwe.

Ndiyo, mkwe! Mwanamume mzima, fundi wa majokofu, mikono imejaa makovu ya bati, ndiye aliyemtia mtoto majini kila jioni huku bibi mtu akisikiliza kupitia ukutani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto hakulia.

Mambo yalianza na ile mashine. Mama Kiwiko alikuwa hajamaliza hata wiki mbili katika nyumba ile mkwe alipokuja na gari la mizigo na wenzake, wakafunga kwenye ukuta wa nje, nyuma ya jikoni, sanduku kubwa lenye feni, na stoo wakasimamisha tangi refu kuliko mtu. Akasema inaitwa pampu ya joto. Jioni akaja kusimama mlangoni mwa sebule, macho kwenye zulia. Hakuwahi hata siku moja kumkazia mama mkwe wake macho. Adabu hiyo alikuwa nayo, hatumnyimi haki yake.

"Mama, hii inavuta joto kutoka kwenye hewa ya nje na kulitia kwenye maji," alieleza. "Inakula umeme kidogo sana kuliko ile hita ya zamani."

"Hewa ya nje? Hewa hii hii inayonivalisha sweta mbili?"

"Hata hewa baridi ina joto ndani yake, Mama. Ni kama jokofu, ila limegeuzwa."

"Jokofu la kuchemshia maji. Mh! Ishi uone."

"Ila lazima iwe na ratiba. Nimeipanga ifanye kazi mchana, hewa ikishapata jua na umeme ukiwa wa bei nafuu. Jioni na asubuhi inapumzika. Na joto nimeliweka arobaini na tano, lisizidi hapo. Tutaokoa pesa nyingi."

"Na hiyo asubuhi tuoge nini?"

"Yaliyobaki, Mama. Tangi linatunza joto."

Linatunza, au linakula? Mama Kiwiko hakuuliza kwa sauti, kwa kuwa mgeni hana kauli. Lakini alijua maana ya kubana matumizi. Yeye mwenyewe aliosha mifuko ya plastiki na kuianika. Tatizo ni kwamba kuna kubana matumizi, na kuna kumbana mgeni mpaka aone njia ya kwao.

Tangu hapo akafungua macho, na ukishafungua macho, vya kuona havikosekani. Birika la umeme lililokuwa juu ya meza ya jikoni lilihamishiwa kwenye rafu ya juu kabisa, ambako bila stuli halifikiki. Akitaka chai, anakuta binti yake ameshamtilia kwenye chupa tangu asubuhi. Hata kuchemsha kikombe cha maji, jamani! Halafu mkwe akamnunulia makubazi yaliyofunika vidole, ya mpira mnene, ya kuvaa hadi bafuni. "Yatakusaidia na vigae, Mama," binti akamwambia. Ni kweli vigae vya nyumba ile vilikuwa baridi. Tangu afike, vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Lakini makubazi? Mama Kiwiko aliyageuza juu chini akaona soli nyeupe isiyoacha alama. Kumbe! Hawataki awachafulie sakafu.

Kisha likaja suala la kuogesha. Alfajiri aliyozoea ilifutwa. "Mtoto ataoga jioni," mkwe alisema, "nikitoka kazini, wakati maji yako sawasawa." Na tangu siku hiyo akalishika beseni kama mtu aliyeandikiwa hati yake. Mama Kiwiko alijitolea, akakataliwa kwa upole. Akajitolea tena, akaambiwa apumzike. Sasa mtu aliyeogesha watoto wa watu mpaka akastaafu, unampumzisha asimwogeshe wa kwake? Dalili ya mvua ni mawingu.

Mvua yenyewe aliisikia kwa masikio yake. Alikuwa anapita ukumbini na kikombe mkononi, mlango wa chumba cha wenye nyumba umerudishwa tu.

"Usimwambie, nakuomba," binti alikuwa akisema. "Utamvunja moyo."

"Tutangoja mpaka lini?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkwe. "Siku moja litatokea jambo, wewe."

"Wiki moja tu. Nitafute maneno."

Kigae kikalia chini ya kubazi, na chumba kizima kikanyamaza.

Mama Kiwiko alirudi kitandani kwake, akakaa. Ni neno gani ambalo mtoto anatafutia maneno kwa wiki nzima ndipo amwambie mama yake? Lipo moja tu: mama, fungasha. Akautazama mkoba wake kwenye kona na roho ikamwuma kweli. Si kwa ajili ya kitanda wala chakula. Kwake alikuwa navyo. Ni kwamba huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza na pengine wa mwisho, na angerudi nyumbani bila kumwogesha ipasavyo. Watu wangemuuliza, na angejibu nini?

Kila Jumamosi alikwenda kwa shoga yake, mshonaji aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali zamani zao, ambaye siku hizi alikuwa na kibanda cha cherehani mtaa wa pili. Alimsaidia kutia vifungo. Siku hizo vifungo vilikuwa vikimponyoka na kutawanyika sakafuni, na mshonaji alimtania kwamba hasira ya mkwe imemshukia mikononi. Mkwe, kwa upande wake, alizipenda mno Jumamosi hizo. Alimkumbusha. Alimsindikiza hadi kona. Mvua ikinyesha, alimpeleka kwa gari. Sasa mtu anayekutaka sana uende mahali, wewe hujiulizi anabaki kufanya nini?

Jumamosi moja alisahau miwani, akarudi mchana. Akakuta ile mashine inavuma nyuma ya jikoni na feni inazunguka kwa kasi, inapuliza ubaridi uani. Kwenye kiwambo kidogo cha ukutani, ambacho kila siku kilisoma arobaini na tano, palikuwa na sitini na tano. Bomba la jikoni lilikuwa linatoa mvuke. Mvuke, bwana! Na kwenye kamba, nguo za nyumba nzima zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa.

Binti aliruka alipomwona. "Mama! Mbona umerudi mapema?"

"Nimesahau miwani. Nimewakatiza nini?"

"Hakuna kitu, Mama." Lakini alikwenda mbio kusimama kati ya mama yake na sinki, mikono nyuma, kama alivyosimama utotoni alipovunja sahani.

Jioni ile Mama Kiwiko aliporudi mara ya pili, maji yalikuwa yameshakuwa chai ya kusahauliwa.

"Umeona?" mshonaji alimwambia walipokutana. "Nguo zao zinafuliwa kwa maji ya moto, na wewe mzazi unaogeshwa vuguvugu. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Usiseme kitu. Mkamate mali ikiwa mkononi."

Shauri la shoga halikosi mpokeaji. Jumamosi iliyofuata Mama Kiwiko alijifunga kitambaa, akabeba miwani yake hadharani ili kila mtu aione, akamruhusu mkwe amsindikize hadi kona, akamshukuru. Akasimama nyuma ya duka la vyuma mpaka alipomwona mkwe amepanda gari na mfuko wake wa zana, ameitwa kazini. Kisha akarudi kwa mlango wa nyuma, makubazi yake ya mpira hayana kelele. Angalau kwa hilo yalifaa.

Mashine ilikuwa inavuma. Kiwambo: sitini na tano. "Wanafiki," alisema taratibu.

Binti alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, usingizi wa mzazi ambaye usiku hakufumba jicho. Mtoto alikuwa macho ndani ya kitanda chake, anapiga miguu, na harufu ilieleza yote: amejichafua mpaka mgongoni. Mama Kiwiko akasimama pale, akamtazama mjukuu, mjukuu akamtazama. Hii ilikuwa zaidi ya ushahidi. Hii ilikuwa riziki.

"Njoo kwa bibi," akamnong'oneza. "Leo utaoga maji ya watu."

Akafunga mlango wa bafu. Alimvua mtoto, akamfuta ule uchafu mwingi, akamzungusha taulo, akamlaza kwenye mkono wake wa kushoto kwa ule mkao wa wodini, kichwa kikilalia mkono. Mwili wote wa Mama Kiwiko ulikumbuka kazi. Akatanguliza maji baridi kwenye beseni, kidogo, kama ilivyo sheria, kisha akafungulia ya moto na kutia mkono wa kulia kukoroga.

Vuguvugu.

"Hata leo!" Akaongeza ya moto. Miwani ikaingia ukungu; akaipandisha juu ya kitambaa kwa nyuma ya mkono, akilaumu udogo wa bafu lisilo na dirisha la maana. Akakoroga tena. Mkono ukasema, afadhali kidogo. Akaongeza mengine. Mtoto akapiga mwayo. Akakoroga hadi chini kabisa ya beseni, maji yakapita kifundo cha mkono, na mkono ukasema, haya, sasa yamefika. Mazuri. Ya kumlaza mtoto usingizi.

Akamfungua taulo. Na hapo, kwa mazoea tu, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi, Mama Kiwiko akainama na kuchovya kiwiko.

Moto ulimpanda mpaka begani. Alipiga ukelele, akaruka nyuma, mgongo ukagonga mlango, mtoto amembana kifuani kwa nguvu hata akaanza kulia. Beseni likaendelea kufuka mvuke mbele yao, taratibu, halina habari.

Aliutazama mkono wake wa kulia. Kuanzia vidoleni hadi juu kidogo ya kifundo ulikuwa mwekundu, umeiva, na mstari umepita pale maji yalipoishia. Ulikuwa ndani ya maji yale muda wote na haukusema kitu. Akauchovya tena, kwa sababu hakuamini. Vuguvugu. Akagusisha kiwiko juu juu tu, na kiwiko kikapiga kelele. Maji ni yale yale.

Loo! Alikaa chini, juu ya kifuniko cha choo, mtoto uchi kifuani mwake, na hofu ikamshika ambayo hakuwahi kuijua katika maisha yake yote. Angemtia. Kama asingeinama, angemtia, kwa mkono wake mwenyewe, akiimba. Kikulacho ki nguoni mwako, mshonaji alisema, na alisema kweli. Kilikuwa ndani ya mkono wa gauni.

Na mambo yote aliyoyakusanya yakaanza kugeuka mbele yake, moja baada ya jingine. Makubazi, kwa miguu isiyojua inakanyaga nini. Birika. Chai ya kwenye chupa. Lengelenge lile la kwenye unyayo, alilolikuta siku moja baada ya kuoga na kulaumu kiatu. Sufuria aliyoiepua mekoni bila kitambaa siku za mwanzo, na mkwe aliyekuwa mlangoni akakodoa macho, kisha akayashusha haraka kwenye sakafu. Hata vifungo vya mshonaji. Daktari aliwahi kumwambia kwamba ana sukari, nayo hutia ganzi mikono na miguu, akamwambia asiache dawa. Akaziacha zilipokwisha, kwa kuwa hakuumwa popote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na yeye kidogo tu aumbuliwe na kifo cha mtu mwingine.

Mlango ukasukumwa. Binti alisimama pale na usingizi usoni, akaona beseni, akaona mvuke, akaona mkono wa mama yake.

"Mtoto!" alilia.

"Hajaguswa. Mchukue. Mtazame vizuri, kila mahali." Mama Kiwiko akamkabidhi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mlijua."

Binti aliangua kilio pale pale, mtoto naye analia, na jibu jingine halikuhitajika.

Mkwe alifika wakati mkono umeshafungwa kitambaa kibichi. Alielezwa ukumbini, kwa kunong'onezwa kama kawaida ya nyumba ile, kisha akaja kusimama mlangoni mwa sebule, macho kwenye zulia.

"Niambie ukweli," Mama Kiwiko alisema. "Hii ratiba ya maji ni ya nini?"

Mkwe ni mkwe. Hata miguu ya mama mkwe haitazami. Ataanzaje kuitaja, na kusema imekufa? "Ni ya kuokoa pesa, Mama," alijibu.

"Na arobaini na tano?"

"Pesa, Mama."

"Na Jumamosi?"

"Mara moja kwa wiki tangi lazima lipande moto sana, Mama, vinginevyo vijidudu vinazaana humo ndani. Sina namna ya kukwepa hilo. Kwa hiyo nilichagua siku ambayo... siku ambayo wewe una shughuli zako. Tunafua, yanapungua, mengine baridi yanaingia, ukirudi yamepoa."

"Kwa hiyo umefanya hesabu ya tangi zima, saa ya kuwaka na saa ya kupoa, ukanifukuza nyumbani kila wiki, nikakuita mnafiki mtaa mzima, kwa sababu umeshindwa kunitamkia neno moja?"

"Ningelitamkaje, Mama?"

Mama Kiwiko akautazama mkono wake uliofungwa. Kweli, angelitamkaje? Na kama angelitamka, yeye angemsikia? Angefunga mkoba siku ile ile. Alianza kucheka, kicheko kikageuka njiani, akajifuta macho kwa mkono mzima.

"Pesa, eti," alisema. "Hujui kudanganya, mwanangu. Kesho mtanipeleka kwa daktari. Wote wawili, nisije nikatoroka."

"Tutakupeleka, Mama."

Mtoto alikuwa bado hajaoga. Alilia ndani ya taulo, ananuka, na haki alikuwa nayo. Binti alimtazama mumewe, mumewe akageuka kwenda kushika beseni kama ilivyokuwa desturi.

"Ngoja," Mama Kiwiko alisema.

Akainuka, akatangulia bafuni. Walimfuata hawajui kinachokuja. Akamwelekeza mkwe amwage maji yale, atangulize baridi, aongeze moto kidogo kidogo. Mkwe akatia vidole kukoroga, na Mama Kiwiko akampiga kibao cha mkono.

"Toa! Mkono ni mwongo. Tena wa kwako una makovu, utakuwa mwongo kuliko wangu. Pandisha mkono wa shati."

Mkwe akaupandisha. Akainama, mrefu vile, goti moja kwenye vigae, akachovya kiwiko majini mbele ya mama mkwe wake. Akatulia hapo, amekunja uso kama mtu anayesikiliza.

Mama Kiwiko alikuwa amempokea mtoto kwenye mkono wa kushoto, kichwa kimelalia pale pale vilipolalia vichwa vyote. Kiwiko chake mwenyewe kilikuwa bado kizima, alijua. Lakini vidole vya miguu navyo vilikuwa vizima mwaka jana.

"Tayari, Mama," mkwe alisema.

"Una hakika?"

Ndipo akainua macho, kwa mara ya kwanza tangu aoe katika familia ile, akamtazama usoni. "Nina hakika, Mama."

Mama Kiwiko akamtia mtoto majini.